Maziwa Yamepungua na Ng'ombe Ana Mimba: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuilaumu Mimba

Mfugaji anapoona ndoo ya jioni imepungua, kisha akakumbuka kwamba ng'ombe wake alipandishwa miezi michache nyuma, jibu humjia upesi: ni mimba. Mara nyingine jibu hilo huwa sahihi. Lakini kwa niliyoyaona katika mazizi ya Ganda, Msabaha na Kakuyuni, na katika zizi langu mwenyewe hapa Malindi, mara nyingi zaidi huwa si sahihi, na kosa lake ni ghali, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamini kwamba mimba ndiyo iliyochukua maziwa hukaa akingojea ndama azaliwe, huku kiwele kinaharibika, au maji hayatoshi, au homa ya kupe imekwisha kuingia.

Kanuni ninayoitumia ni hii: mimba hupunguza maziwa kwa kuchelewa, tena polepole. Ng'ombe aliyepunguza maziwa waziwazi katika miezi minne ya kwanza ya mimba, au aliyepunguza kwa siku mbili tatu katika mwezi wowote ule, ana sababu nyingine, na sababu hiyo aghalabu hupatikana ikitafutwa.

Kabla ya yote, daftari

Andika tarehe ng'ombe alipozaa, tarehe alipopandishwa au kuhimilishwa (kutiwa mbegu kwa mrija) mara ya mwisho, na lita za kila mkamuo, asubuhi na jioni. Daftari la shule linatosha, mradi lining'inie mahali ambapo mkamuaji hawezi kulipita bila kuliona. Bila tarehe hizo mbili, yote yatakayofuata hapa ni kubahatisha.

Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi, na wenye damu ya Sahiwal au ya zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, huongeza siku kadhaa. Njia rahisi ya kuhesabu ni kuongeza miezi 9 na siku 10 juu ya tarehe ya kupandishwa: aliyepandishwa 1 Juni atarajiwe kuzaa karibu na 10 Machi, na akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, miezi miwili kabla, karibu na 10 Januari.

Sasa linganisha tarehe na lita. Baada ya kuzaa, maziwa hupanda hadi kilele katika wiki ya 6 hadi ya 8, kisha huanza kushuka, na hushuka hata kwa ng'ombe asiye na mimba kabisa. Ng'ombe mwenye afya na lishe ya kutosha hupoteza kama asilimia 5 hadi 10 ya maziwa yake kila mwezi baada ya kilele. Chotara wenye damu nyingi ya ng'ombe wa kienyeji hushuka kwa kasi zaidi. Chukua mfano wa ng'ombe aliyefikia lita 10 kwa siku katika mwezi wa pili, na anayeshuka kwa asilimia 7 kila mwezi. Mwezi wa tano atatoa lita 8, na mwezi wa nane lita 6 na nusu hivi. Ikiwa alishika mimba mwezi wa tatu baada ya kuzaa, kama inavyotakiwa ili azae kila mwaka, basi katika mwezi huo wa nane mimba ina miezi mitano tu, na ndiyo kwanza inaanza kuwa na uzito wowote katika hesabu. Lita tatu na nusu zimekwisha kuondoka, nazo zimeondoka kwa sababu siku zimepita tangu ng'ombe azae. Mfugaji asiye na daftari huona tu kwamba zamani ndoo ilijaa, na sasa ng'ombe ana mimba na ndoo haijai, akayaunganisha mambo mawili yaliyotokea kwa pamoja.

Mimba yenyewe hufanya nini

Madaktari wa mifugo wanaopima mimba kwa mkono hukifananisha kiumbe kilicho tumboni na wanyama tunaowajua. Mwezi wa pili kina ukubwa wa panya mdogo wa nyumbani, mwezi wa tatu panya mkubwa, mwezi wa tano paka mkubwa, mwezi wa sita mbwa mdogo. Kiumbe cha ukubwa wa panya hakiwezi kumpokonya mama yake lita tatu za maziwa kwa siku. Zaidi ya nusu ya uzito ambao ndama atazaliwa nao huongezeka katika miezi miwili ya mwisho, na huo ndio wakati ambao ng'ombe anapaswa kuwa amekwisha kupumzishwa.

Kuna mambo mawili yanayokwenda sambamba. La kwanza ni homoni. Projesteroni, inayolinda mimba tangu siku zake za mwanzo, haisimamishi maziwa yaliyokwisha kuanza kutoka, na ndiyo maana ng'ombe anaweza kukamuliwa vizuri kwa miezi mingi huku amebeba. Mambo hubadilika katika nusu ya pili ya mimba, kondo la nyuma linapoanza kutoa estrojeni kwa wingi unaozidi kila mwezi: homoni hiyo huzifanya chembe za kiwele zinazotengeneza maziwa zianze kusinyaa na kupungua, kiwele kikijiandaa kwa uzao ujao. La pili ni chakula. Kiwele hutumia glukosi ya damu kutengeneza sukari ya maziwa, na sukari hiyo ndiyo inayovuta maji na kuamua wingi wa maziwa; kiumbe tumboni hutumia glukosi hiyohiyo, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyochukua sehemu kubwa zaidi kabla ya kiwele kupata yake.

Kwa hiyo upungufu wa kweli wa mimba huanza kuonekana karibu na mwezi wa tano, huongezeka mwezi wa sita, na huwa dhahiri mwezi wa saba. Kwa ng'ombe wa lita 6 au 7, huanza na robo lita ambayo daftari pekee ndilo litakaloiona, na kufikia mwezi wa saba unaweza kuwa lita nzima au zaidi. Maziwa yenyewe huwa mazito zaidi, kwa kuwa mafuta na protini hukolea wingi unapopungua, na wanunuzi wa mjini wanaogandisha mtindi huyapenda. Ng'ombe anakula, anacheua, macho yake ni maangavu, robo zote nne za kiwele ni laini, na lita zinashuka kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Ukiona hivyo, na tarehe zinakubaliana, hiyo ni mimba, wala hapana dawa ya kutafuta.

Dalili: maziwa yamepungua ghafla, kwa siku moja hadi nne

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko mahali pengine. Ng'ombe aliyekuwa akitoa lita 8 akatoa 5 keshokutwa hajapunguziwa na mimba, hata kama mimba hiyo ina miezi saba. Chunguza kwa mpangilio ufuatao, kuanzia lililo rahisi na lisilogharimu kitu.

Anza na maji. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na ng'ombe anayekamuliwa katika hali ya hewa ya pwani huweza kuhitaji lita 60 hadi 100 kwa siku, kutegemea maziwa anayotoa na chakula alichokula, kwani majani mabichi huja na maji yake na mabua makavu hayana. Maji ya bomba yakikatika siku mbili, wenye nyumba hununua madumu ya kupikia na ng'ombe hupewa kilichobaki. Visima vilivyo karibu na bahari navyo vina chumvi, na ng'ombe hunywa kiasi cha kujiokoa tu, si cha kushiba. Mpe ndoo ya maji matamu mara baada ya kukamuliwa: akinywa mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akaitafuta ya pili, huenda umekwisha kukipata chanzo. Mpe maji ya kutosha siku tatu, uone kama lita zinarudi, kabla ya kuita mtu yeyote.

La pili ni hari. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na mvua za masika hazijaanza, jua la Malindi huambatana na unyevu wa bahari, na unyevu huo humzuia ng'ombe kupoza mwili wake kwa jasho na pumzi. Hesabu pumzi kwa kutazama ubavu: zikizidi 60 kwa dakika, ng'ombe amezidiwa. Utamwona pia amesimama badala ya kulala, mate yanamtiririka, na majani ya mchana yamebaki horini. Mwenye mimba huumia zaidi kwa kuwa mwili wake unafanya kazi mbili zinazozalisha joto, ya maziwa na ya ndama. Banda la makuti lililoinuliwa juu, lisilozibwa upande wa upepo, ni bora mno kuliko mabati ya chini yasiyo na dari. Nimekuta ng'ombe wazuri wamewekwa chini ya mabati ambayo mtu asingeyastahimili kwa nusu saa. Mlishe alfajiri na usiku, mmwagie maji mgongoni mahali penye upepo, na ukiwa na mwembe au mkorosho karibu, mfunge kivulini mwake mchana.

La tatu ni kiwele, na hili nimelilipia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na ng'ombe chotara wa Ayrshire, mwenye mimba ya miezi sita, aliyepunguza lita mbili ndani ya siku tatu. Niliambiwa na mtu niliyemwamini kuwa ni mimba, nikaafiki bila kushika kiwele. Wiki ya pili, robo ya nyuma ya kushoto ilikuwa ngumu kama gogo, na ilikuja kukauka moja kwa moja. Tangu hapo, kila mkamuo huanza kwa kukamulia michirizi miwili mitatu ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi. Ukiona vibonge, nyuzi, maziwa ya majimaji au damu, au robo moja ni ya moto, imevimba au ina maumivu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Linganisha robo kwa robo, kwa sababu mimba hupunguza robo zote nne pamoja, ilhali ugonjwa wa kiwele aghalabu huanza na moja. Robo iliyoambukizwa ikamuliwe mwisho, maziwa yake yamwagwe mbali na banda, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Mwambie ng'ombe ana mimba ya miezi mingapi, kwa maana si kila dawa inamfaa mwenye mimba.

La nne ni homa. Kipimajoto cha mifugo ni kifaa cha bei ndogo ambacho kila mfugaji anapaswa kuwa nacho. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3, mpime asubuhi mapema, kwa sababu mchana wa kaskazi humpandisha hata asiyeumwa. Akizidi 40 alfajiri, anaumwa. Papasa matezi yaliyo chini ya sikio na mbele ya bega: yakivimba, na kupe wapo masikioni, shuku ndigana kali, ambayo humwua ng'ombe wa kigeni ndani ya siku chache asipotibiwa mapema. Kwa wanaofuga pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako mbung'o wapo, tazama pia fizi na upande wa ndani wa kope. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, na ng'ombe anakonda ingawa anakula, inawezekana ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao hupunguza maziwa na pia husababisha mimba kutoka. Magonjwa haya mawili hayatambuliwi kwa macho peke yake. Damu inapaswa kupimwa.

Yakishindikana yote hayo, mtazame mkamuaji. Maziwa huachiliwa kutoka kiweleni kwa nguvu ya oksitosini, homoni inayotolewa ng'ombe anapotulia na kuoshwa kiwele, na ambayo hufanya kazi kwa dakika chache tu. Mkamuaji mgeni, kelele, mbwa, au kipigo huizuia. Ng'ombe wenye damu ya kienyeji waliozoea kukamuliwa na ndama ubavuni hubana maziwa ndama anapoondolewa au kufa. Uliza pia kama pumba au machicha ya nazi yamepunguzwa, au yamebadilishwa kwa ghafla, kwa sababu ng'ombe huonyesha mabadiliko ya hori ndani ya siku mbili. Machicha yaliyoanza kuchacha, au mahindi yenye ukungu, yasiingie horini kabisa. Sumu ya ukungu huo hupita hadi kwenye maziwa tunayokunywa.

Dalili: hajataka fahali tena, na maziwa yanashuka, lakini hakuna aliyepima mimba

Kutotaka fahali baada ya siku 21 ni dalili njema, si uthibitisho. Katika hari yetu ng'ombe huonyesha hamu yake kwa muda mfupi, mara nyingi usiku, watu wakiwa wamelala, na asubuhi hakuna anayejua kwamba siku ilipita. Wengine wana usaha katika mji wa mimba, na mwili hukaa ukidhani umebeba. Nimewahi kumwona ng'ombe wa jirani, mali ya bibi mmoja mjane aliyekuwa akitegemea maziwa hayo kwa karo ya wajukuu, akikaushwa kwa ajili ya mimba ambayo haikuwapo. Alikaa miezi minne bila maziwa wala ndama.

Daktari au mhimilishaji mzoefu aweza kupima kwa mkono kuanzia mwezi wa pili, na gharama ya kupima ni ndogo kuliko maziwa ya wiki moja. Ombi langu kwa kila mfugaji ni hili: usimkaushe ng'ombe ambaye mimba yake haijapimwa. Na ikiwa siku 100 zimepita tangu azae na bado hajapandishwa, tatizo lako si mimba kupunguza maziwa. Tatizo ni kukosa mimba, kwa sababu utaendelea kukamua maziwa yanayoshuka pasipo uzao mpya wa kuyarudisha juu.

Dalili: ana mimba, lakini anataka fahali

Hutokea. Baadhi ya ng'ombe wenye mimba ya kweli huonyesha kutaka fahali siku moja au mbili, na siku hiyo maziwa hupungua kidogo kwa sababu ya kuhangaika na kutokula. Usikimbilie kuhimilisha, kwa kuwa mrija ukipitishwa katika mlango wa mji wa mimba wakati kiumbe kipo, unaweza kukiua. Apimwe kwanza. Ikiwa amerudi kutaka fahali siku 30 hadi 50 baada ya kupandishwa, hapo yaelekea alishika mimba nayo ikafa mapema, jambo ambalo huongezeka miezi ya hari.

Dalili: amekauka mwenyewe katika mwezi wa tano au wa sita

Kuna mifugo ambao muda wao wa kukamuliwa ni mfupi kwa asili. Zebu na chotara wake wa karibu wanaweza kuacha kutoa maziwa miezi sita au saba baada ya kuzaa, wawe na mimba wasiwe nayo, na lishe nzuri itasogeza mwisho huo mbele kwa wiki chache tu. Huyu asilaumiwe.

Lakini ng'ombe mwenye damu nyingi ya Friesian, Ayrshire au Jersey, mifugo ya kigeni ya maziwa, akikauka mimba ikiwa na miezi mitano, ana njaa. Mtazame mbavu na mifupa ya nyonga. Mabua ya mahindi na nyasi zilizokauka hujaza tumbo bila kuleta protini, na mwili unaopaswa kulisha kiumbe, kiwele na nyama yake wenyewe huanza kwa kukiacha kiwele. Mtamba aliyezaa mara ya kwanza hupungukiwa mapema zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe bado anakua. Ongeza majani ya miti ya lukina au ya glirisidia juu ya mabingobingo, kiasi kisichozidi theluthi moja ya majani yote, na pumba pamoja na mashudu wakati wa kukamua, na chumvi ya kulamba yenye madini isikosekane. Akionyesha kupanda tena ndani ya wiki mbili, umepata jawabu. Asipopanda, mwache apumzike, umlishe kwa ajili ya uzao ujao.

Dalili: maziwa yana ladha ya chumvi, au yanakatika yakichemshwa

Katika wiki za mwisho za kukamuliwa, chembe za kiwele hulegea na chumvi ya damu hupenya kuingia kwenye maziwa. Ladha ya chumvi katika robo zote nne, kwa ng'ombe aliyefikia mwezi wa saba, ni ishara kwamba wakati wa kukausha umefika. Ladha hiyo ikiwa katika robo moja tu, au mimba ikiwa bado changa, rudi kwenye kitambaa cheusi. Maziwa yanayoganda sufuriani ng'ombe akikaribia kuzaa ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ndama, inayoanza kuundwa, nayo ina maana kwamba umechelewa kuacha kukamua na unamwibia ndama kinga yake.

Dalili: mwezi wa saba umefika na bado anatoa maziwa mengi

Mfugaji huliona hili kama neema, na ni vigumu kumshawishi aache lita nne zilizo mkononi. Lakini kiwele kinahitaji mapumziko ya siku 60 hivi ili chembe zilizochoka zibadilishwe na mpya. Mapumziko yakipungua chini ya siku 40, maziwa ya uzao unaofuata hupungua kwa kiasi ambacho lita ulizopata kwa kuendelea kukamua haziwezi kukifidia.

Kwa ng'ombe anayetoa chini ya lita 10, njia salama ni kuacha mara moja. Ondoa pumba na mashudu siku chache kabla, mlishe majani ya kawaida, kisha chagua siku, kamua mpaka tone la mwisho, mwombe daktari atie dawa ya kukaushia katika kila chuchu, na usikamue tena. Kiwele kitajaa na kukaza kwa siku mbili tatu. Mkazo huo ndio unaoviambia viungo visimame, na maziwa yaliyobaki hufyonzwa na mwili. Anayekamua kidogo ili kumpunguzia uzito hurefusha kazi na kufungulia vijidudu mlango. Kiguse kila siku bila kukikamua, na uite daktari ikiwa robo moja itakuwa ya moto au ng'ombe ataacha kula. Wako wanaoshauri kumnyima maji ili akauke upesi. Katika hari ya pwani, kwa mnyama mwenye mimba ya miezi saba, siwezi kukubali ushauri huo.

Wafugaji wa hapa walio na ng'ombe wa kuzaa mwanzo wa masika, yaani Aprili, wajue kwamba miezi yake miwili ya kukauka huangukia Februari na Machi. Kwa upande mmoja ni heri, kwa sababu majani ni haba na ng'ombe asiyekamuliwa hahitaji mengi. Kwa upande mwingine, ng'ombe mkavu husahauliwa juani kwa kuwa haleti kitu, na hari inayompata katika miezi hiyo miwili hupunguza uzito wa ndama na maziwa ya uzao mzima unaofuata. Kivuli bora cha boma apewe yeye.

Dalili: mimba imetoka

Mimba ikitoka mapema, maziwa huweza kuendelea kama kawaida. Ikitoka mwezi wa saba au wa nane, uzao mpya huanza, ila kwa maziwa machache, kwani kiwele hakikumaliza maandalizi yake. Kabla ya kuhesabu lita, jilinde. Mimba zinazotoka kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, hasa zikiwa zaidi ya moja katika boma, huashiria bruselosi, ambayo humwambukiza binadamu na kumpa homa ya kwenda na kurudi kwa miezi. Usishike kiumbe wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vifukiwe shimo refu mbali na mbwa, na daktari achukue damu ya ng'ombe. Maziwa yote ya boma hilo yachemshwe kabla ya kunywewa, na kabla ya kugandishwa mtindi vilevile, kwa kuwa uchachu peke yake si kinga ya kutosha.

Dalili: amezaa salama, lakini maziwa ni machache kuliko mara iliyopita

Rudi kwenye daftari uhesabu siku alizokaa mkavu, kwani aghalabu jibu limo humo. Zikiwa zimetosha, tazama mambo ya wiki ya kwanza. Kondo la nyuma ambalo halijatoka baada ya saa 24 huleta homa na kupunguza maziwa, na halivutwi kwa mkono wala kufungiwa jiwe. Ng'ombe mwenye masikio ya baridi, anayeyumba au aliyelala amegeuza shingo kuelekea ubavuni, ana homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu katika damu, ingawa mwili wake hauna joto. Huyu anahitaji daktari ndani ya saa chache, na mara nyingi husimama muda mfupi baada ya kutiwa kalsiamu mshipani. Anayekula majani na kukataa pumba katika wiki mbili tatu za kwanza, akikonda haraka, anayeyusha mafuta yake kuliko ini linavyoweza kuhimili. Kiwele kilichovimba mbele hadi tumboni kwa mtamba, kidole kikiacha shimo kinapobonyezwa, ni maji tu, na hupungua chenyewe kwa kukandwa na kukamuliwa mara kwa mara.

Na ikiwa haya yote hayapo, ngoja wiki ya sita ndipo ulinganishe na uzao uliopita, kwa sababu kilele hakijafika.